Kasulu: Kompyuta ni za shule ya umma, lakini asiyechanga hela ya umeme (LUKU) haingii!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Nina binti kidato cha pili kwenye shule moja ya kata huku Kasulu. Jina la shule naliacha, mtoto bado anasoma pale.

Shule ina chumba cha kompyuta. Nimeziona kwa macho yangu, nyingine hata nailoni ya kwenye kioo haijabanduliwa. Mlangoni wamebandika karatasi ya majina ya waliochanga. Elfu tano kwa muhula, eti ya LUKU. Jina lako halipo, huingii. Waliobaki mwalimu anawachorea kibodi ubaoni kwa chaki, nao wanainakili kwenye daftari. Binti yangu anaikariri Ctrl+S kama shairi, hajawahi kuibonyeza hata siku moja!

Najua kuna watakaokuja kusema elfu tano ni hela gani. Kwa mwenye mshahara si kitu. Kwa anayesubiri maharage yakomae na ana watoto watatu pale pale, hiyo ni elfu kumi na tano. Elimu bila malipo imeanza 2016, na 2022 ikafika mpaka kidato cha sita. Kwenye mkutano wa wazazi tuliambiwa mchango ni wa hiari. Hiari gani inabandikwa mlangoni?

Na hata waliolipa si wote wanaofaidi. Zamu za kompyuta zimewekwa jioni baada ya vipindi. Watoto wa walimu na wanaokaa jirani wanabaki. Wasichana wa vijiji vya mbali wanaondoka, maana mzazi gani atakubali binti yake apite njia ile giza limeingia?

Lililonitibua zaidi ni hili. Darasani kwao kuna kijana mwenye ualbino, ana uoni hafifu. Amewekwa dawati la mbele kabisa na bado hasomi kitu, inabidi ainuke asogee mpaka pua iguse ubao, akirudi kuandika ameshasahau nusu, na wenzake nyuma wanampigia kelele kwamba anawakinga. Kishikwambi kingemaliza shida hiyo: unapiga picha ubao, unapanua kwa vidole viwili, herufi inakuwa kubwa utakavyo. Vishikwambi vya Sensa ya 2022 si walikabidhiwa walimu kwa ajili ya kufundishia? Pale shuleni vipo. Nimemkuta mwalimu saa za kazi anaangalia mpira kwenye cha kwake. Mama wa kijana aliomba mwanawe apigiwe tu picha ya ubao, akajibiwa wakimpa huyo na wengine watadai. Sasa si wadai!

Mkuu wa shule nimeshamfuata. Anasema kompyuta zikiguswa na kila mtoto zitakufa, na atakayeulizwa ni yeye. Nikaenda kwa afisa elimu kata, akanirudisha kwa mkuu. Kwa hiyo wa "kaongee na uongozi" mpite tu. Namhitaji mwalimu au mtu wa TAMISEMI anijibu mawili: umeme wa shule ya serikali unalipwa kutoka fungu gani, na ni nani mwenye mamlaka ya kuamuru ile karatasi ibanduliwe mlangoni?