Pride and Prejudice imeandikwa upya mara ngapi? Tusaidieni kuchagua

BintiKibokoni
Assalamu aleikum. Kikundi chetu cha kusoma hapa Mji wa Kale tumemaliza Pride and Prejudice ya Jane Austen (1813). Sasa twataka riwaya ya siku hizi iliyotokana nayo, yenye kuchekesha. Tumebakiwa na tatu: Bridget Jones's Diary, Eligible na Ayesha at Last. Ipi itatufaa? Tuna akina mama watu wazima, mtuchunge kidogo.

Nahodha_Tudor
Bridget! Helen Fielding aliitoa 1996 na kwa kuchekesha sijaona wa kumfikia. Kila siku mwanamke aandika kilo zake, sigara alizovuta na pombe alizokunywa, na kesho ataacha zote inshallah. Darcy, yule bwana mwenye maringo wa Austen, yumo kwa jina lake, na sweta la kizee juu.

MamaWaWatatu
Kaka Nahodha, umesikia kuna akina mama? Hizo sigara na pombe nani atawasomea?

SomoWaMajengo
Dada Binti, nimezisoma zote. Mimi naangalia jambo moja. Kwa Austen, Lydia, yule binti mdogo, akitoroka na Wickham, askari tapeli, dada zake wote wako hatarini kukosa posa. Kisa chote kimesimama hapo. Ukikipeleka mahali ambapo binti akitoroka watu hawashtuki, wabakiwa na utani mtupu. Curtis Sittenfeld katika Eligible (2016) amewahamishia mabinti hao Cincinnati, Marekani. Liz (ndiye Elizabeth wa Austen) ni mwandishi wa jarida, Darcy ni daktari wa upasuaji wa ubongo. Majibizano matamu, sura fupifupi, lakini wale mabinti hawana cha kuogopa. (Na kuna mambo ya chumbani humo, akina mama watafunga kitabu.) Fielding aliukwepa mtego huo kwa ujanja: kwake anayeondoka na tapeli ni mama mtu!

Ayesha at Last (2018) ya Uzma Jalaluddin iko kwa Waislamu wa Toronto, ambako jina la binti bado lina bei. Khalid ana ndevu, avaa kanzu mpaka ofisini, na mkewe atatafutiwa na mamake. Ayesha ni mwalimu wa muda mwenye kughani mashairi, na binamuye Hafsa akusanya posa kama wengine wakusanyavyo stempu. Siku moja msikitini Ayesha akajifanya ndiye Hafsa. Khalid akampenda, mama akapeleka posa kwa Hafsa, kijana akaikubali kwa furaha yote... Nilikuwa kwenye matatu ya Bamburi, nikacheka mpaka konda akanigeukia.

Nahodha_Tudor
Umeshatumwagia mchuzi! Ila yule bosi wa Khalid, Sheila, ni mwovu wa katuni. Hana hata chembe ya utu.

SomoWaMajengo
Hapo sikupingi.

UstadhKalamu
Mmeisahau Unmarriageable ya Soniah Kamal (2019). Iko Pakistani. Alys afundisha Kiingereza shule ya wasichana, na mwanzoni tu awapa wanafunzi kazi ya kuiandika upya sentensi ya kwanza ya Austen. Harusi za siku kadhaa, kina mama wapima mabinti kwa macho: utadhani ni kwetu. Lakini yafuata nyayo za Austen mno. Nyinyi mliomtoka juzi mtajua kila kinachokuja.

KijanaWaLikoni
Na Laila na Majnuni? Romeo na Juliet?

SomoWaMajengo
Hao wanakufa, mdogo wangu, utachekea wapi? Shakespeare wa kucheka soma Vinegar Girl ya Anne Tyler (2016), imetokana na The Taming of the Shrew. Baba mwanasayansi ataka kumwoza bintiye kwa msaidizi wake wa maabara, Mrusi, asije akafukuzwa Marekani viza ikiisha. Ndoa za viza twazijua sisi watu wa Pwani! Ila mwisho wake sikuupenda, binti mwenyewe, Kate, anamtetea mume kupita kiasi.

BintiKibokoni
Shukran nyote. Nimewauliza wenzangu, wamesema Ayesha. Bridget nitamsoma peke yangu. Nahodha, nakala yako waazima?

Nahodha_Tudor
Naazima, lakini ile ya mwisho niliyoazima haijarudi mpaka leo. MamaWaWatatu, ulifika nayo wapi?