Kupika bia ya kimea nyumbani: alumini, stenlesi au plastiki?

Shayiri_Meru
Wakuu, habari za jioni. Nipo Arusha, nataka kupika bia ya shayiri nyumbani kuanzia kimea chenyewe, lita 20 kwa mpigo, ya kunywa mwenyewe na mashemeji. Nilivyo navyo: sufuria la alumini la lita 40 (la shughuli, mama kaniazima kwa masharti), deli la zamani la lita 45 (lile boksi la kutunzia barafu), ndoo mbili za bati na pipa la buluu la mtumba. Fundi alinitajia bei ya sufuria la stenlesi nikaondoka bila kuaga. Kipi kinafaa, kipi nitupe?

MwanaKibosho
Ndoo za bati wapelekee kuku. Ule mng'ao ni zinki, na maji ya kimea yana uchachu kidogo. Bia ikishaumuka uchachu unazidi. Zinki inayeyukia humo, unaishia kutapika. Kwetu mbege, pombe ya ndizi ya Wachaga, ilikaa kwenye mapipa ya mbao, wazee hawakuwa wajinga.

Hilo pipa lilibeba nini? Muuzaji akijiumauma, weka maji ya bustani.

FundiKoki
Sufuria la mama halina shida, mradi liwe la kiwandani. Yale mazito ya kusubu kwa vyuma chakavu siyaamini, huwezi kujua kama kuna risasi ndani. Lichemshie maji matupu nusu saa hivi mpaka ndani paingie kijivu. Hiyo ndiyo ngozi yake, usiisugue kwa stiliwaya. Kostiki (ile soda kali ya kutengenezea sabuni) isilisogelee kabisa, inakula alumini.

Deli ndiyo mali uliyo nayo, linatunza joto la kulowekea kimea. Lipashe kwanza kwa maji ya moto, uyamwage. Kimea kilo 5, maji lita 15 ya nyuzi 73. Ukikoroga inatulia kwenye 66 au 67, unafunika saa nzima. Koki ipitishe kwenye tundu la kumwagia maji. Bomba la ndani lisiwe PVC la maji baridi, litalegea. Chukua PPR, lile la maji ya moto.

Shayiri_Meru
Asante sana mkuu. Kuchujia nina chandarua kipya hakijafunguliwa, vipi?

DadaMkorogo
Kaka, chandarua?! Vingi vinatoka kiwandani na dawa ya mbu, unataka kuwanywesha mashemeji? Nunua pazia jepesi la poliesta lisilo na rangi, lifue, fundi cherehani akushonee mfuko.

MwanaKibosho
😂😂 Na siku ukipata hela ya stenlesi, nenda dukani na sumaku, nzuri haishiki.

FundiKoki
Sumaku inadanganya. Stenlesi ya 201, ile ya bei nafuu, nayo mara nyingi haishiki, na inawahi kutu kuliko 304, ile nzuri ya vyombo vya chakula. Hela kidogo uliyo nayo nunua ndoo mpya ya plastiki ya chakula, yenye mfuniko, ya kuumulia. Kabla ya kuchemsha, moto unakusamehe mengi. Ikishapoa, mkwaruzo mmoja ndani ya ndoo unaficha bakteria wa kutosha kuchachusha lita zote 20. Usiisugue kwa brashi ngumu.

Shayiri_Meru
Mrejesho: deli nimelijaribu kwa maji matupu. Saa moja jioni nyuzi 70, saa mbili nyuzi 68. Ndoo nimenunua, mfuko uko kwa fundi. Sufuria nalo limeshika kijivu vizuri. Mama kaliona, anauliza nimelifanya nini.