Maharage yananimalizia gesi, wenzangu mnapikaje?

mama_wa_wanne:
Habari zenu wapendwa, naomba mawazo maana nilipofika kichwa kinauma. Tuko sita nyumbani, mimi, baba yao na watoto wanne, mkubwa yuko darasa la saba na mdogo ana miaka mitatu, tunaishi Mbagala. Kazi ya mzee imeyumba hivyo kwenye chakula naachiwa 10,000 kwa siku, siku nyingine 7,000, na humo humo chai ya asubuhi, humo humo nauli ya mkubwa. Nikasema basi nyama tuisahau kwa muda, tule wali maharage, tubadilishe na ugali, turudi kwenye wali. Kwenye daftari hesabu ilikaa vizuri kabisa, nusu kilo ya maharage inatuvusha mchana na usiku, mchele robo tatu kwa mlo mmoja, nyanya fungu, kitunguu, mafuta ya kupima.

Kilichonishangaza ni gesi. Mtungi ule mdogo wa kilo 6 ulikuwa unanifikisha mwezi, safari hii umekata siku ya 17!! Nikakaa nikajiuliza nimepika nini cha ajabu, hamna, ni maharage tu. Yanachemka masaa mawili na nusu, siku nyingine matatu, ukiyabonyeza haya yamepasuka yamekuwa uji na haya bado kokoto, sufuria hiyo hiyo moja. Nanunua duka la hapa mtaani, anauza chini kuliko wengine, ni mekundu yamechanganyika na mengine sijui hata ni ya aina gani. Nikijumlisha hela ya gesi juu ya hela ya maharage naona bora ningekula dagaa.

La pili watoto wameanza kununa, sufuria likifunuliwa tu "maharage tena?", na huyu wa tatu tumbo linamjaa usiku halali. Mnapikaje yakaiva haraka, na mnayageuzaje yasichoshe? Msiniambie ninunue presha kuka tafadhali, hela yake sina.

kijana_wa_geto:
Dada pole lkn umenikumbusha bweni, sisi maharage ya shule yalikuwa yanakuja na wadudu juu wanaelea, tukawa tunasema leo kuna nyama. Ushauri sina, mimi nakula kwa mama ntilie, nimekaa hapa nisome majibu

ntilie_mstaafu:
Wee kijana toka jikoni kwanza watu wazima waongee.

Mama wa wanne, nimepika wali maharage miaka kumi na moja kwenye kibanda, sufuria la wateja 60 kila siku ya Mungu, nikikosea moto faida yote inaenda kwenye mkaa, kwahiyo nakuelewa sana. Tatizo lako halijaanzia jikoni, limeanzia dukani. Umesema mwenyewe haya yamepasuka haya kokoto, hapo jibu unalo. Huyo muuza duka anachanganya mabaki, mapya na ya zamani, aina tatu kwenye gunia moja ndo maana anauza chini. Maharage yaliyokaa muda mrefu stoo yenye joto na unyevu yanakomaa, hata ukiyapikia moto wa kiwandani hayalainiki yote. Utayajua, rangi imefifia imekuwa kama ya kutu, ngozi imesinyaa, mengine yana vitobo. Sasa we umeokoa mia tatu kwenye kilo halafu umechoma gesi ya elfu mbili kuyaivisha!! Nenda sokoni, muulize muuzaji ni ya msimu huu au la, chukua aina MOJA usikubali mchanganyiko. Mimi nilikuwa nachukua ya njano, yale watu wanaita soya, yanaiva upesi na mchuzi wake mzito, hata ukikosa nazi unaona kama umeweka kitu. Kama unaweza jichange na jirani mnunue kwa sado, ile ndoo ndogo ya kupimia, mgawane, inashuka bei.

Ukifika nyumbani chambua, toa mawe, osha, loweka kuanzia jioni mpaka asubuhi, maji yawe mengi mara tatu ya maharage maana yanavimba. Asubuhi yale maji MWAGA usiyaonee huruma, hayo ndo yanamjaza tumbo mwanao, suuza halafu bandika na maji mapya. Ya msimu yaliyolowekwa vizuri saa limoja yameiva, saa na robo ukizidi.

Usitie nyanya mwanzoni. Wala ndimu wala ukwaju. Kitu chochote chenye uchachu kikiingia kabla hayajaiva ndo umeyagandisha hapo hapo utachemsha mpaka jioni. Wengi wanapika vitunguu na nyanya halafu wanamimina maharage mabichi juu wanasema yaivie humo humo, mtindo huo ndo unaokula gesi. Chumvi watu wanabishana, mimi naweka mwisho nilivyofundishwa na mama.

Na usipike nusu kilo kila siku jamani! Moto wa kuchemsha nusu kilo na moto wa kuchemsha kilo mbili haupishani sana. Chemsha kilo mbili mara moja, yakiiva pakia kwenye mifuko ya kiasi cha siku moja, weka friza. Kama huna friji ongea na jirani mwenye nalo umpe bakuli lake la maharage kila wiki, mbona atakubali. Siku ya kula unaunga tu, dakika 15 umemaliza.

dogo_mchumi:
Kwani magadi mmesahau? Kijiko kimoja tu maharage yanalainika nusu saa, bibi yangu Singida kila siku magadi na ana miaka 80+

ntilie_mstaafu:
Magadi yanalainisha ndio sikatai, ila yanaua vitamini hasa B1, na ukizidisha mchuzi unanuka sabuni. Kwenye makande ya mahindi makavu nakuelewa, tena kidogo sana. Kwa mtoto wa miaka mitatu anayekula maharage kila siku mimi nisingeweka.

dogo_mchumi:
Sawa mama, ila bibi yangu bado yupo 😂

bibi_wa_pangani:
Asalaam aleikum wanangu. Mimi nimeandikiwa na mjukuu wangu hapa, mimi nasema yeye anabonyeza.

Mwanangu wa Mbagala, hao watoto hawajachoka maharage, wamechoka kupikiwa kwa namna moja. Maharage ya kuunga nyanya leo, nyanya kesho, hata mimi ningenuna. Chukua nazi moja. Ikune, tia maji ya uvuguvugu kidogo ukamue tui la kwanza zito liweke pembeni, rudia tena maji ukamue la pili jepesi. Maharage yako yaliyokwisha kuiva yatie kwenye lile tui jepesi pamoja na kitunguu, karoti ukipenda, pilipili hoho, binzari kijiko, yachemke pamoja. Yakikolea shusha moto ndipo utie lile zito na chumvi, koroga usiache mkono, likianza kutokota tu epua, ukiliacha likachemka kwa nguvu litakatika uone mafuta huku maji kule. Mchuzi huo na wali mweupe wala hawatouliza nyama iko wapi.

Halafu nawashangaa vijana wa siku hizi mnajua maharage tu. Choroko ziko wapi? Kunde ziko wapi? Choroko hazitaki kulowekwa, dakika arobaini zimeiva. Wapikie mseto. Chemsha choroko kikombe kimoja mpaka zianze kupasuka, mimina mchele vikombe viwili uliooshwa, chumvi, tui au maji tu kama nazi hakuna, maji yawe mengi kupita ya wali wa kawaida, mchele ukiiva pondaponda kwa mwiko uwe laini ushikane. Chungu kimoja, moto mmoja, wali na mboga vimeiva pamoja. Sisi tulikuwa tunaula na kipande cha ng'onda au papa mkavu, kipande kidogo tu kinanukia nyumba nzima, hata dagaa wa kukaanga wanafaa. Na usinunue mchele wa bei kubwa, kwa mseto mchele wa chenga ndio wenyewe, unashikana vizuri.

mama_wa_wanne:
Shikamoo bibi! Mseto nilikula kwa shangazi Tanga nikiwa mdogo nilikuwa nimeshausahau kabisa, hapa mate yamenijaa. Chenga sijawahi kununua, nilikuwa naona aibu

bibi_wa_pangani:
Marahaba mwanangu. Aibu ya chenga ni mpaka uonje.

swabra_msa:
Dadangu pole sana, niko Mombasa na huku pia hali ni hiyo hiyo gesi imetushinda. Hizo choroko sisi twaziita pojo, na kweli bibi amesema, wali na pojo za nazi wanangu wamaliza sahani.

Nikupe ya kwangu. Mimi natumia kikapu. Chukua kikapu kikubwa au hata katoni, tandika blanketi kuukuu ndani na pembeni, matambara, sweta, chochote kinachoshika joto. Maharagwe yako yaliyolowekwa yachemshe kwenye moto mkali robo saa nzima yakiwa yanatokota kikweli kweli, kisha epua na kifuniko chake yakiwa moto vile vile, yaingize kikapuni, funika kwa mto au blanketi lingine juu usiache upenyo. Usifunue funue! Nenda zako kazini. Baada ya masaa manne au matano utakuta yameiva au yamebakisha kidogo, yarudishe motoni yatokote tena ndio uyaunge. Gesi umetumia kidogo tu basi. Sufuria liwe limejaa vizuri, likiwa na maharagwe kidogo lapoa haraka haliivishi.

Onyo moja, ile robo saa ya kutokota usiikwepe, hasa ya mekundu. Maharagwe mekundu mabichi yana sumu yake inayoharibu tumbo, kutapika na kuendesha, na huondoka kwa kuchemshwa kwa nguvu sio kwa joto la uvuguvugu. Dada mmoja jirani yetu aliyatia kikapuni kabla hayajatokota, nyumba nzima walishinda chooni.

Na wali pia waweza kuingia kikapuni, ukianza kukauka maji uepue umalizie humo. Ila ukoko hupati, na kwangu mimi wali bila ukoko ni kama sijala.

baba_kigogo:
Kuna njia yetu ya mkaa kwa wasio na gesi, ukimaliza kupika chakula cha usiku ule moto unaobaki usiuzime, bandika maharage uliyoloweka asubuhi, yatokote kwanza, halafu funika makaa kwa majivu uyaache usiku kucha. Alfajiri yameiva unamalizia tu na vijiti viwili vitatu. Ila JIKO LIBAKI NJE. Msiingize jiko la mkaa ndani mkafunga madirisha eti mnaogopa wezi wa sufuria, hewa ile inaua mtu amelala

nasomea_lishe:
Kwa faida ya wengine, wali na maharage ukila pamoja protini zake zinakamilishana, kinachopungua kwenye mchele kiko kwenye maharage na cha maharage kiko kwenye mchele, kwahiyo mama usijione unawanyima watoto. Kinachosumbua ni madini chuma, ya kwenye maharage mwili unayachukua kwa shida. Kamulia ndimu kwenye sahani au weka kachumbari ya nyanya mbichi, au mpe mtoto kipande cha chungwa, vitamini C inasaidia yaingie. Na chai ya rangi isinywewe papo hapo na chakula, inazuia, subiri kama saa moja.

Kingine, kiporo cha wali msikiache kwenye sufuria juu ya jiko mpaka asubuhi kwenye joto la Dar, kuna vijidudu vinatengeneza sumu ambayo hata ukipasha haitoki. Ukipoa tu uingie friji, na kama friji hakuna pika wa kumalizika. Maharage yaliyobaki usiku yachemshe tena asubuhi kabla ya kula.

kijana_wa_geto:
Sasa kiporo na chai ya rangi asubuhi mnakipiga marufuku vyote viwili kwa comment moja?? Tutaishije

mama_wa_wanne:
Nimerudi wapendwa, zimepita siku tisa. Nilienda sokoni Mbagala Rangi Tatu nikachukua ya njano kilo mbili aina moja, muuzaji kaniangalia nilivyokuwa nayachambua kiganjani kaniuliza mama we unafanya biashara? Nimeloweka, nimemwaga maji, nikachemsha robo saa, kikapu sina nikatumia boksi la tivi. Nusu ya kwanza niliharibu, nilifunua mara mbili kuangalia nikakuta bado magumu, ikabidi nirudishe gesini dakika arobaini. Nusu ya pili sikugusa, nimetoka saa mbili asubuhi nimerudi saa saba mchana yameiva mpaka yanapasuka kwenye kijiko. Mtungi nimeupima kwa kuunyanyua naona bado una uzito, tutajua mwisho wa mwezi.

Mseto watoto wamegombania. Wa tatu siku hizi analala, sijui ni kumwaga maji au ni choroko ila analala. Chenga nimenunua, nimemtuma mkubwa akachukue mimi nimejificha kona ya duka 🙈

Shida iliyobaki ni moja, baba watoto anatafuta sweta lake la safari ya Njombe wiki nzima na lipo ndani ya boksi limezunguka sufuria.

ntilie_mstaafu:
Lifue leo leo na ulianike juani, harufu ya maharage ikishaingia kwenye sufu utamwambia nini.