Tupeane uzoefu: mlijifunzaje lafudhi ya makabaila wa Uingereza kwa ajili ya jukwaa?

Pazia Jekundu (Nairobi)
Wakuu, habari zenu. Kikundi chetu kinaandaa The Importance of Being Earnest, tamthilia ya Oscar Wilde iliyoonyeshwa London mara ya kwanza mwaka 1895, nami nimepewa nafasi ya Lady Bracknell, mama wa tabaka la juu. Mama huyu anasema mambo ya ajabu kwa uzito wa hakimu, na lafudhi ikiyumba ucheshi unapotea. Waliowahi kuigiza watu wa tabaka hilo, mlianzia wapi? Naomba mliyoyafanya wenyewe.

MwanaJukwaa (Dar)
Hongera dada, hiyo ni nafasi ya heshima. Mimi niliigiza jaji wa Kiingereza, na kazi kubwa ilikuwa silabi dhaifu. Sisi kila silabi tunaipa haki yake. Wao neno kama "banana" wanakaza silabi ya katikati, zile za pembeni zinafifia mpaka karibu zimezwe. Nilichukua penseli nikazungushia silabi zenye mkazo katika maneno yangu yote, kisha nikawa natembea chumbani, hatua moja kwa kila silabi iliyozungushiwa. Polepole mwanzoni. Mwili ukishashika mwendo, ulimi unafuata.

Angalia pia r. Katika "car" au "mother" haisikiki, lakini neno linalofuata likianza na irabu inarudi: "mother and father", ile ya kwanza utaisikia, ya mwisho hutaisikia.

Bint Pangani (Birmingham)
Usibane pua, tafadhali! Waigizaji wengi wanakimbilia huko na sauti haifiki viti vya nyuma. Mwalimu wangu wa sauti alinifanyisha mazoezi ya taya: lishuke kwenye "bath", "dance", "can't", a ndefu inayotoka nyuma ya kinywa. "Hat" na "hand" haziguswi, zinabaki fupi. Ndiyo maana "handbag", neno maarufu kuliko yote ya Lady Bracknell, inahitaji uangalifu. Mwigizaji Edith Evans aliitamka kwa namna yake katika filamu ya tamthilia hiyo ya 1952, na tangu hapo watazamaji wanaisubiri. Nakusihi usimwige. Tafuta yako.

Mzee wa Mazoezi
Chagua rekodi za zama zinazofaa. Hotuba za Krismasi za Malkia Elizabeth za miaka ya 1950 na zile za miaka ya 1980 hazilingani. Watafiti walizipima irabu zake na kuchapisha matokeo mwaka 2000, wakaonyesha zilikuwa zimesogea kuelekea matamshi ya watu wa kawaida wa kusini mwa Uingereza. Kwa tamthilia ya zamani, sikiliza za mwanzo.

Pazia Jekundu
Asanteni sana. Na r ya katikati, kama "very"? Najitahidi kuikunja ulimi kama Waingereza wa leo na inanikwamisha.

Mzee wa Mazoezi
Usiikunje. Katika lafudhi ya zamani ya tabaka la juu, r iliyo kati ya irabu mbili ilikuwa ya kugonga ulimi mara moja nyuma ya meno, kama ya "habari". Hiyo unayo tangu utotoni. Nenda tendo la kwanza, pale anapomhoji kijana anayemtaka binti yake, ukafanye mazoezi kwenye "very" na "married". Usiku wa leo, kwa sauti, ukiwa umesimama.