Mrejesho: chotara wa violeti ya Usambara

Ndugu zangu, niliuliza hapo awali kwa nini miche yote niliyoipata kwa kuchavusha violeti ya Usambara ya buluu kwa chavua ya ile ya pinki ilichanua buluu tupu. Mlinijibu kwamba buluu huitawala pinki, na kwamba pinki hubaki imejificha katika kizazi cha kwanza, hivyo niichavushe miche hiyo, ndugu kwa ndugu, na kungoja, kwani karibu robo ya watoto wao wangechanua pinki.

Nimefanya hivyo, na pinki imerudi kwa wachache, karibu na ile robo mliyoitaja. Kazi ilihitaji subira kubwa, kwa kuwa chavua imefungwa ndani ya vifuko vya manjano ambavyo lazima vipasuliwe kwa wembe kabla ya chavua kupakwa kwenye stigma (ncha ya sehemu ya kike ya ua), tunda huchukua miezi kadhaa kukomaa, na mbegu zake, laini kama vumbi, hutawanywa juu ya udongo bila kufukiwa kwa sababu huhitaji mwanga ili ziote.

Mmoja kati ya hao wa pinki una majani madogo ya kijani iliyokolea, na huo ndio nilioutamani tangu mwanzo. Sitauzalisha kwa mbegu, maana watoto wangetofautiana tena. Nimepandikiza majani yake pamoja na vikonyo, na vichipukizi vimeanza kutokeza. Nafurahi mno kuona ua lililotoka katika milima yetu ya Tanga likiendelezwa huku huku kwetu. Nawashukuru kwa dhati.