Watamu siku nne na watoto: tuanze na kipi?

Mshuka_Pwani:
Hamjambo wenzangu. Februari tunashuka Watamu kutoka Nairobi, wakubwa wawili na watoto wa miaka 8 na 11. Tutafika siku mbili baada ya mwezi mpevu. Tunataka kuona matumbawe, Mida (hori ya mikoko) na magofu ya mji wa kale wa Gede. Tupangeje?

Bamvua:
Ukishataja mwezi, ratiba inajipanga yenyewe. Siku hizo ni za bamvua: tofauti ya maji kujaa na kupwa huzidi mita 3. Kwetu maji ya bamvua hupwa kabisa kati ya saa nne na saa sita mchana, hujaa jioni, na kila siku huchelewa kwa karibu dakika 50. Hakikisha kwa jedwali la maji la Kilindini, bandari ya Mombasa.

Matumbawe yatazameni maji yakishapwa na kuanza kurudi. Maji yanapotoka, hubeba tope la mikoko kutoka hori ya Mida hadi ndani ya hifadhi ya bahari, kwenye matumbawe, na chini huoni kitu. Yakigeuka, yanaingia ya bahari kuu, safi, na kwa saa moja hivi mkondo bado ni mdogo. Nahodha akisema mng'oe nanga saa mbili asubuhi, mwulize kwa nini. Mara nyingi ni ili awahi safari ya pili.

Miwani ya kupigia mbizi ijaribuni ufukweni: ibandike usoni bila kamba, vuta pumzi kwa pua. Ikidondoka, haikufai. Nywele zikinaswa chini ya mpira, maji yataingia. Kioo kikifanya ukungu, tema mate, sugua, suuza. Watoto wavae maboya hata kama wanajua kuogelea, na mtu asisimame juu ya matumbawe: yanavunjika, na yanakata miguu.

Mama Tuktuk:
Naongeza la malipo. Ada ya hifadhi ya bahari hulipwa mtandaoni kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, mbali na nauli ya mashua. Kabla ya kupanda uliza bei inajumuisha nini: ada, miwani, maboya? Ugomvi mwingi wa ufukweni huanzia hapo.

Mkija kwa matatu ya Mombasa–Malindi, shukeni Gede, msipitilize hadi Malindi. Kutoka hapo ni tuktuk tu.

Kijana wa Mikoko:
Mida iwekeni alasiri, kuanzia saa tisa na nusu. Mtumbwi unahitaji maji. Yakitoka mtakwama kwenye tope. Tena maji yanapopanda, ndege waliotawanyika mbali husogezwa kwenye mchanga uliobaki, karibu na nyinyi. Februari wahamiaji bado wapo.

Gede haijali maji, kwa hiyo nendeni asubuhi mapema, bahari ikingoja. Mji ule uliachwa karne ya 17, na mwaka 2024 uliingia kwenye Urithi wa Dunia. Tafuteni msikiti mkuu, jumba la mfalme na visima. Chukueni dawa ya mbu, na chakula kibaki ndani ya begi lenye zipu. Kima wa pale hawaombi.

Bamvua:
Naam. Na vile visiwa vya mawe vya ghubani, mkivifuata kwa miguu, tokeni saa moja kabla ya maji kupwa kabisa na mrudi yakianza tu kugeuka. Vaeni viatu vya mpira. Kwenye mashimo ya mawe kuna viumbe wa bahari wenye miiba mirefu myeusi.