Mianzi mikubwa ya nguzo: Dendrocalamus giganteus au Dendrocalamus asper?

MkulimaWaBondeni: Ndugu wanajukwaa, nina shamba chini ya milima ya Uluguru lenye kijito kisichokauka, nami nataka mianzi mikubwa inayokaa kichaka kimoja bila kutambaa hadi kwa jirani, ili baadaye nivune nguzo za ujenzi. Ninapima aina mbili: giganteus, ambao asili yake ni Myanmar na nchi jirani, na asper wa Kusini-Mashariki mwa Asia. Naomba ushauri.

FundiMianzi: Kwa ujenzi, chagua asper. Giganteus hufikia mita 30 na kipenyo cha sentimita 20 au zaidi, lakini shina bichi la ukubwa huo ni mzigo wa watu kadhaa, na kuliunganisha na mengine kwa usahihi ni kazi ngumu. Asper hufikia kipenyo cha sentimita 8 hadi 20, na sehemu yake ya chini ina ukuta mnene unaobeba paa vizuri. Usidanganywe na kimo: shina humaliza kurefuka ndani ya miezi michache, ilhali hukomaa likifikisha takriban miaka mitatu, na likikatwa kabla ya hapo husinyaa na kupasuka linapokauka.

MamaKitalu: Nakubaliana na Fundi kuhusu nguzo, ila giganteus asidharauliwe, kwa kuwa kwao mashina yake hufanywa ndoo na mabomba ya maji. Jambo linalonisumbua zaidi ni chanzo cha miche. Mianzi hii huchanua kwa nadra sana, na miche mingi hutokana na vipandikizi, hivyo vichaka vyote vya mama mmoja vinaweza kuchanua kwa wakati mmoja na kufa pamoja. Tafuta miche kutoka vichaka mama tofauti.

MwenyejiWaPwani: Mbona hamtaji mwanzi wa kawaida, Bambusa vulgaris? Vipandikizi vyake hushika mizizi kwa urahisi.

FundiMianzi: Hushika kweli, lakini una wanga mwingi unaovutia bungua. Hata asper lazima uloweshwe katika mchanganyiko wa boraksi na asidi ya boriki, dawa za kuzuia wadudu hao, kabla ya kujengea.

MkulimaWaBondeni: Nashukuru. Nitapanda asper kwa nafasi ya mita 6 kwa 6, na giganteus wachache karibu na kijito. Je, machipukizi ya asper, ambayo Wathai huyala, yaanze kuvunwa kichaka kikiwa na umri gani?

MamaKitalu: Ngoja kichaka kijijenge kwanza miaka minne au mitano, kisha kila msimu uache machipukizi manene yawe mashina, uchukue yale membamba.